Gari Linaumwa Tanga, Linapona Chalinze

Taa nne zikiwaka kwa mpigo kwenye dashibodi ya gari jipya, mara nyingi ugonjwa ni mmoja tu, na mara nyingi ni mdogo kuliko spea watakazotaka kukubadilishia. Nasema hivyo baada ya karibu mwaka mzima wa kupanda na kushuka barabara ya Segera na gari nililolinunua likiwa kilomita sifuri, kwa mkopo wa benki, makusudi ili nisihangaike na gereji.

Aina ya gari sitaitaja, wala kampuni iliyoniuzia. Itoshe kusema karakana yao iko Dar es Salaam, mimi niko Tanga, na katikati yetu kuna kilomita kama 350. Wenye IST na Noah za mtumba kutoka Japani shida hii hawaijui. Fundi wao yuko Ngamiani, hapahapa mjini Tanga, spea zipo dukani, na kontroo boksi, ile kompyuta ndogo ya gari, ikifa inatafutwa nyingine kwenye gari lililopata ajali. Gari jipya lina waranti, na waranti ina masharti, la kwanza likiwa kwamba mtu mwingine asilifungue. Yangu ni ya miaka 3 au kilomita 100,000, chochote kitakachotangulia.

Naishi Raskazone, karibu na bahari kiasi kwamba bawaba za madirisha zinaota kutu kabla rangi ya ukuta haijachuja. Kazi yangu ni uwakala wa forodha bandarini, kwa hiyo asubuhi natoka mapema. Na asubuhi ndiyo iliyokuwa na mambo. Wakati wa masika, na baadaye kusi likivuma, nikiwasha gari tu, kabla sijatoka getini vizuri, taa zinaanza: ya ABS, mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki, halafu ile yenye picha ya gari linaloteleza, halafu ya usukani, halafu ya breki. Mshale wa spidi unalala kwenye sifuri na gari linatembea. Usukani unakuwa mzito ghafla, na pale kwenye mzunguko unajikuta unaukata kwa nguvu za mabega. Ikifika saa nne, jua limeshapanda, nawasha tena gari na hakuna hata taa moja. Limenyooka, kimya, ungeapa nimeota.

Sasa lipeleke Dar. Unatoka alfajiri taa zote zikiwa zimewaka, unafika Pongwe bado zipo, ukipita Muheza moja inazima, Segera zimebaki mbili. Ukifika Chalinze gari ni zima. Linaingia karakana likiwa na afya kunishinda mimi niliyekaa nyuma ya usukani tangu saa kumi na moja.

"Madam, gari halina tatizo."

Sentensi hiyo nimeisikia vya kutosha. Kijana wa mapokezi ana adabu, ana shati jeupe, anakukaribisha kahawa, na hana analoweza kukufanyia, kwa sababu kwenye utaratibu wa kazi yake hitilafu isiyoonekana mbele ya fundi haipo. Fundi analizungusha gari mtaa wa pili, anarudi, anaandika kwamba malalamiko ya mteja hayakuonekana. Unasaini, unaondoka, unalala njiani au unarudi usiku, na kesho yake asubuhi Raskazone taa hizo hapo zinakusubiri.

Kuna jambo moja wapokezi hawalisemi mpaka uwaulize. Gari la siku hizi lina kumbukumbu. Kontroo boksi ikiona kitu kisicho cha kawaida huandika msimbo, yaani herufi na namba za kuitambulisha shida hiyo, na kwa hitilafu nyingi huhifadhi pamoja nao hali ilivyokuwa saa ile: spidi, joto, mzunguko wa injini, wakati mwingine na volti za betri. Msimbo unaweza kuwa hai sasa hivi, au ukawa ulishapita na kubaki kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo mtu akikwambia mashine haioni kitu, muulize anazungumzia ipi, iliyo hai au iliyopita. Na umwombe karatasi. Mimi kwa kazi yangu nimezoea kwamba neno la mdomo halitoi kontena bandarini, nikaomba wachapishe. Ikatoka kurasa kadhaa, na kila boksi iliyomo garini ilikuwa na la kusema, isipokuwa moja.

Hiyo moja ndiyo iliyonifanya nianze kusoma.

Zamani kila kifaa cha umeme kwenye gari kilivutiwa waya wake mwenyewe. Vifaa vilivyoongezeka, nyaya zikawa mzigo. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ikautambulisha mfumo unaoitwa CAN, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mercedes-Benz wakauingiza kwenye magari yao makubwa ya S-Class. Ni nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, zinapita gari zima, na kontroo boksi zote zimeungwa humo: ya injini, ya giaboksi, ya ABS, ya usukani, ya eabegi, ya dashibodi yenyewe. Kila moja inasema kwa zamu na zote zinasikia. Ni baraza la kahawa. Mzee mmoja asipotokea alasiri, wale waliobaki kila mmoja atamuuliza mwenzake habari zake, na mpita njia akisikia maswali manne atadhani kuna misiba minne.

Boksi ya ABS ndiyo inayojua kila tairi linazunguka kwa kasi gani. Dashibodi inapata spidi kutoka kwake. Usukani wa umeme unataka kujua spidi ili uamue ukusaidie kiasi gani, maana kwenye maegesho unahitaji msaada mwingi na barabara kuu kidogo. Mfumo wa kuzuia kuteleza nao unaitegemea hiyohiyo. Sasa boksi ya ABS ikinyamaza, wote hawa wanakosa habari, na kila mmoja anawasha taa yake. Ndiyo zile nne zangu.

Kwenye karatasi yao msimbo uliojirudia ulikuwa U0121. Misimbo hii imegawanywa kwa herufi ya mwanzo: P ni injini na giaboksi, C ni chasisi, humo zimo breki na usukani, B ni mambo ya bodi, na U ni mawasiliano. U0121 maana yake ni kwamba mawasiliano na boksi ya ABS yamepotea. Basi. Hausemi boksi ni mbovu. Hausemi sensa ya tairi imekufa. Unasema fulani hasikiki, na asiyesikika anaweza kuwa amelala, amekufa, au waya wa kwake umekatika. Mashine ya karakana, hata iwe ya bei gani, inakuletea lalamiko la boksi nyingine. Kujua sababu ni kazi ya mtu mwenye mita, michoro ya nyaya na muda.

Muda ndio ulikosekana. Walianza na betri. Si wazo baya, nakiri, kwa sababu volti zikishuka sana wakati stata inazungusha injini, boksi hujizima na kujiwasha, na zikizinduka zinaandikiana misimbo ya kutosikilizana. Joto letu la pwani nalo linaua betri mapema. Lakini betri iliyojaa na kutulia husoma volti kama 12.6, na injini ikiwaka, kwenye magari mengi utaona kati ya 13.5 na 14.7. Yangu ilisoma vizuri, tena vipimo walivichukua wao na vimo kwenye karatasi yao. Wakaibadilisha. Nikarudi, wakabadilisha sensa ya tairi la mbele kulia, wakati msimbo wa sensa haukuwapo kabisa. Ungekuwapo ungeanza na C. Mara iliyofuata wakasema sasa ni boksi ya ABS yenyewe, iagizwe nje, tusubiri wiki kadhaa.

Bure yote, kwa waranti, mtu atasema, sasa unalalamika nini? Nalalamika mafuta, siku za kazi zinazopotea, na usukani unaokakamaa asubuhi huku mwanangu amekaa nyuma. Pia nilikuja kuelewa kwa nini wanabadilisha vitu badala ya kutafuta. Utaratibu wa viwanda vingi ni kuilipa karakana kazi ya waranti kwa saa zilizokwisha kupangwa. Kufunga sensa kuna saa zake zinazojulikana, fomu inajazwa, spea ya zamani inarudishwa, malipo yanatoka. Fundi akikaa nusu siku na mita anakagua soketi moja moja, ni vigumu kwa karakana kuzidai hizo saa. Ndiyo maana katika biashara hii ni jambo la kawaida spea zilizorudishwa kiwandani kupimwa na kukutwa hazina kasoro yoyote. Sidhani fundi wa kampuni ni mvivu. Analipwa kwa kubadilisha, kwa hiyo anabadilisha.

Halafu likaja la kifaa cha kufuatilia gari. Benki iliponikopesha ilitaka kifungwe, kikafungwa, na siku moja karakana ikakigundua chini ya dashibodi wakashangilia. Ndicho hicho, wakasema, umeunganisha kitu kisicho cha kiwanda. Inawezekana kabisa, vijana wanaofunga redio, kamera na spotilaiti mjini wanaweza kuchubua waya wowote wanaokutana nao, na waya wa CAN hautaki kuchubuliwa. Nikaomba kibali cha benki, kifaa kikatolewa mbele ya fundi wao, nikaomba waandike tarehe na kwamba nyaya za asili zimekutwa salama. Taa ziliendelea kuwaka bila ya kifaa. Karatasi ile ilikuja kunisaidia kuliko waranti yenyewe, kwa sababu tangu hapo hakuna aliyeweza kunirudisha kwenye hoja hiyo.

Kabla ya hapo nilikwishakwenda kwa kijana mmoja mwenye kifaa kidogo cha kuchomeka kinachosomeka kwenye simu. Kikasema hakuna kitu. Hakudanganya. Ile tundu ya pini 16 iliyo chini ya usukani haikuwekwa kwa ajili yako wewe mwenye gari. Marekani iliilazimisha kwa magari ya kuanzia toleo la 1996 ili serikali iweze kukagua moshi, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Kwa hiyo kinacholazimika kusomeka na kila mashine ni mambo ya injini na moshi. Breki, eabegi, usukani, milango, hizo lugha kila kiwanda kina yake, na kifaa cha bei rahisi mara nyingi hakizijui. Kuna magari, Fiat Chrysler walianza nayo kwenye matoleo ya 2018, ambayo yamewekewa mlango wenye kufuli katikati: mashine ya nje inasoma, lakini haifuti wala haiamrishi kitu bila ruhusa ya kiwanda. Mtu akikupima na kusema gari safi, muulize mashine yake imeingia kwenye boksi zipi.

Aliyenifungua macho ni fundi umeme wa Ngamiani, mtu mzima, ambaye kwa miaka alikuwa akitengeneza gari la marehemu baba. Nilimwendea kwa ushauri tu.

"Dada, hii mimi siifungui, ina waranti yako," akasema. "Ila kupima si kufungua. Nitakuja kwako asubuhi, kabla hujaliwasha."

Akaja baada ya swala ya alfajiri, na baiskeli yake, na mita ambayo haifiki hata shilingi laki moja. Kioo cha mbele kilikuwa kimelowa umande. Akachomoa waya wa hasi wa betri, akaniambia tusubiri, akachomeka ncha za mita kwenye tundu ile ya chini ya usukani, pini ya 6 na pini ya 14. Ndizo zinazotoka kwenye zile nyaya mbili za CAN. Nikaona 118, 119, ikicheza.

"Jamaa wa Dar wamewahi kupima hapa?"

Sikumbuki kuliona hilo kwenye karatasi zao. Akaeleza. Kwenye kila mwisho wa nyaya zile kuna rezista, kipande kinachopunguza mkondo wa umeme, ya omu 120, na omu ndicho kipimo cha ukinzani huo. Zikiwa zote mbili zimeungwa, umeme unapata njia mbili za kupita, na mita lazima isome nusu yake, 60. Ikisoma 120, maana yake unaiona moja tu, na mwisho mmoja umekatika. Akasubiri chai, akasubiri jua, saa tano akapima tena, gari likiwa palepale lilipokuwa. Ikasoma 60 kavu. Kwenye gari langu rezista mojawapo imo ndani ya boksi ya ABS. Kuna magari ambayo haimo humo, na kuna yale yenye kufuli ambayo pini hizo hazikuonyeshi nyaya zenyewe, kwa hiyo asije mtu akachukua namba hizi akaenda kugombana nazo karakana bila ya kuuliza kwanza gari lake limesukwaje.

"Hapa betri haihusiki," akasema, "wala sensa. Hata hiyo boksi wanayoiagiza, nadhani ni nzima. Tafuta soketi yenye chumvi."

Chumvi ndiyo iliyokuwa ikisafiri na mimi bila ya kuonekana. Upepo wa baharini unaacha vumbi la chumvi kwenye kila kitu. Likiwa kavu halina madhara makubwa kwenye umeme. Usiku umande unashuka, chumvi inayeyuka, na maji yenye chumvi yanapitisha umeme pale usipotakiwa, huku yakiila shaba pale unapotakiwa. Ukiendesha, joto la injini na upepo mkavu wa bara vinakausha, na kufika Chalinze ushahidi umekauka wote. Mashine za karakana hazikuwa na kosa. Zilikuwa zinapima gari kavu.

Akanishauri nipige video moja, isikatwe: saa ya simu nyingine ionekane, umande kwenye kioo, mita, kisha dashibodi na taa zake. Akanikanya jambo ambalo mafundi wa mjini wanalikosea kila siku: mtu asifute misimbo kabla haijachapishwa, kwa sababu ukifuta unafuta na ile hali iliyohifadhiwa nayo, na anayekuja baada yako anaanza gizani. Akachukua elfu ishirini. Nilimwongezea, akarudisha.

Barua niliiandika kwa mkuu wa huduma, si kwa mapokezi. Niliweka video, namba za mita za asubuhi na mchana, nakala za kadi za kazi zote kwa mfuatano, na karatasi ya kile kifaa cha benki. Nikauliza maswali mawili. Je, kiwanda kimetoa waraka wowote wa kiufundi kuhusu soketi za ABS kwa toleo langu? Nyaraka hizo zipo kwa karibu kila aina ya gari, na za magari yanayouzwa Marekani zinawekwa wazi bure kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka yao ya usalama barabarani, ukiweza kuvumilia kutafuta. La pili, je, wako tayari kulipima gari likiwa limelowa?

Safari hii aliyenipigia alikuwa fundi mkuu mwenyewe. Akaniita mama, si madam, na nikajua tunaanza kuelewana. Awali walikuwa wameahidi kuleta fundi Tanga, lakini sisi wenyewe tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, na anayeondoka leo hatauona umande wa kesho. Tukakubaliana nilipeleke gari kwao, lipoe kabisa, kisha alowanishe soketi kwa chupa ya kupulizia, moja baada ya nyingine, mita ikiwa imechomekwa. Alianzia nyuma, akaja mbele. Alipofika nyuma ya plastiki inayofunika upinde wa tairi la mbele kushoto, mita ikaruka kutoka 60 kwenda 120 na taa zote nne zikafuata alipowasha. Asubuhi moja ya kazi, chupa ya wauza mimea na maji ya bomba.

Akaniita nione. Soketi yenyewe ni ndogo, haizidi kidole gumba. Raba yake ya kuzuia maji ilikuwa imejikunja ndani, upande mmoja haukukaa. Pini mbili zilikuwa na unga wa kijani. Alipochuna waya, ule ukijani ulikuwa umepanda ndani ya ganda la plastiki, kwa sababu maji hupanda kati ya nyuzi nyembamba za shaba. Ukisafisha pini tu bila kuukata waya mpaka pale shaba inapong'aa, ugonjwa unarudi masika ijayo. Akakata, akaunga kipande kipya chenye soketi mpya, akaweka grisi maalumu ya soketi, akafunga. Boksi mpya ya ABS ilikuwa imeshafika kutoka nje. Ikarudishwa stoo.

Nilidhani tumemaliza. Kwenye kadi ya kazi wakawa wameandika kwamba sababu ni kutu kutokana na mazingira, na mazingira hayamo kwenye waranti. Bili ikaja mezani.

Hapa nilikuwa tayari. Niliipiga picha ile raba kabla haijatupwa, na ilikuwa imejikunja ikiwa ndani ya soketi iliyofungwa kiwandani, mahali ambapo hakuna mtu mwingine aliyewahi kupafungua. Kadi zao wenyewe zinashuhudia. Chumvi ya Raskazone ipo kwa magari yote. Raba ndiyo iliyopaswa kuizuia. Nikawauliza pia kama waliponiuzia gari hawakujua Tanga iko baharini. Sikupandisha sauti, ila nilitaja kwamba kuna Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na kwamba sheria hiyo haikuishia kwenye mambo ya wafanyabiashara wao kwa wao, ina sehemu za kumlinda mlaji, ikiwamo wajibu wa aliyetengeneza bidhaa. Nilikuwa na rasimu ya malalamiko kwenye mkoba. Sikuitoa. Mkuu wa huduma akaenda ndani, akarudi, waya na soketi zikaingia kwenye waranti. Usafishaji nikalipa mimi, na sikuona haja ya kubishania hilo.

Kuna jambo bado linanikera. Aliyejua jibu alikuwa Ngamiani, na hana ruhusa wala njia ya kulitekeleza. Michoro ya nyaya za gari langu hana, programu ya kiwanda hana, na hata angekuwa nazo, boksi nyingi za siku hizi zimefungwa kwa namba ya chasisi, ukiitoa gari moja haikubali gari jingine. Wenzetu wameanza kulikabili kwa sheria. Jimbo la Massachusetts huko Marekani lilipiga kura mwaka 2012 kuwalazimisha wenye viwanda kuwauzia mafundi wa nje habari na zana zilezile wanazowapa mawakala wao, na mwaka 2020 wakapiga tena kura kwa ajili ya data zinazotumwa hewani. Umoja wa Ulaya nao una kanuni ya mwaka 2018 yenye sehemu hiyo. Hapa kwetu magari ya aina hii yanaongezeka barabarani kila mwaka, na yakiisha waranti yote yataishia kwa yule mzee wa baiskeli.

Mimi siku hizi siruhusu injini ioshwe kwa pampu ya presha; vijana wa kuosha magari wa Chumbageni wanadhani nabania hela. Masika yote ya mwaka huu taa hazijawaka hata mara moja, na kusi limeshaanza. Upande wa kulia wa gari kuna soketi ya aina ileile, imefungwa kiwanda kilekile, na sijui raba yake imekaaje. Nimeomba waifungue waiangalie. Wamejibu kwamba hawafungui sehemu isiyo na malalamiko. Nimewaandikia tena, nikiwaomba jibu hilohilo walilete kwenye karatasi yenye mhuri. Waranti inaisha Januari.